Talladega 2011 au Atlanta 2024: wawili wawili au kundi zima? Nisaidieni kuchagua

Kona ya Pili (mwanzisha mada)

Wakuu salaam. Jumamosi watoto wa dada yangu wanakuja kulala kwangu, mmoja ana miaka 14, mwingine 17. Wamekulia kwenye rali. Ukiwatajia NASCAR, mbio za magari za Marekani, wanasema ni magari yanayozunguka tu kama ng'ombe wa kukamua alizeti. Inaniuma, maana nimefuatilia mchezo huu miaka mingi. Dada amenipa ruhusa ya mbio moja, mwanzo hadi mwisho, basi. Nimebaki na mbili mkononi: Talladega ya Aprili 2011, enzi za magari kusukumana wawili wawili, au Atlanta ya Februari 2024, kundi zima limebanana hadi kwenye mstari.

Kwa ambao hawajafuatilia: kona za uwanja wa Daytona zimeinuka digrii 31, za Talladega 33, kwa hiyo dereva anakanyaga mafuta bila kuachia. Mwaka 1987 gari la Bobby Allison lilipasuka tairi Talladega, likaruka na kuchana uzio wa mashabiki. Kuanzia 1988 viwanja hivyo viwili vikawekewa bamba lenye matundu madogo la kubana hewa inayoingia kwenye injini. Kasi za magari zikakaribiana, akakosekana wa kuchomoka peke yake. Hapo ndipo magari 30 au 40 yanakimbia kama kitu kimoja, safu mbili au tatu.

Wawili wawili ni jambo jingine. Wa nyuma anabandika bampa yake kwenye ya mwenzake na kumsukuma mizunguko na mizunguko, na wawili hao wanaliacha kundi. Mimi moyo wangu uko huko, ila nataka kusikia upande wa pili kabla sijaamua.

Bamba Jembamba

Atlanta, bila kufikiria mara mbili. Uwanja ulijengwa upya ukaanza kutumika 2022, kona zikainuliwa hadi digrii 28, na uko chini ya kilomita 2.5 kuzunguka. Kundi halipati pa kupumulia. Mwisho wa ile ya 2024 Daniel Suárez, Ryan Blaney na Kyle Busch walifika sambamba watatu; Suárez alimshinda Blaney kwa sekunde 0.003. Mtoto wa miaka 14 ataruka kwenye kochi. Wawili wawili ya 2011 ilikuwa dansi ya harusini, kila mtu ameshika kiuno cha mwenzake.

Fundi Rejeta

Mkuu Bamba, hiyo dansi ilikuwa na kazi kubwa chini ya boneti, na watu wengi hawakuiona. Acha nieleze maana ndiko ninakotokea.

Umeshaona vijana wa baiskeli wanavyomfuata lori mlimani na tambarare? Lori linapasua upepo, mwenye baiskeli anakwenda bila kuumia. Kwenye gari la mbio kuna faida ya pili: wa nyuma akisogea karibu kabisa, anajaza ule uwazi wa hewa unaomvuta wa mbele kurudi nyuma. Kwa hiyo wote wawili wanafaidika. Wakigusana ni kama gari moja refu lenye injini mbili. Februari 2011, Daytona, walipita kilomita 331 kwa saa, na NASCAR ikalazimika kubana matundu zaidi kabla ya mbio kuu, Daytona 500.

Kwa nini haikufanyika miaka ya 90? Pua za magari yale zilikuwa chini. Ukimsukuma mwenzako kwenye kona unamnyanyua nyuma, anazunguka. Gari lililokuja 2007 lilikuwa na bampa za mbele na nyuma zinazolingana kimo. Halafu Talladega ikatiwa lami mpya 2006, Daytona ikafuata 2010. Tairi zikashika, watu wakasukumana hadi ndani ya kona.

Tatizo likawa joto. Msukumaji amebandika uso kwenye mgongo wa mwenzake, hewa ya rejeta anaipata wapi? Gari linachemsha. Kwa hiyo wanabadilishana: wa mbele anasogea pembeni, wanaachana sekunde chache, wa nyuma anapita, wanashikana tena. Wakikosea kidogo tu, jozi nyingine imeshawapita. Mimi niliangalia mbio zile nikihesabu mizunguko kati ya badilishano moja na jingine. Na ndiko NASCAR ilikokwenda kuwakata: kwa msimu wa 2012 wakapunguza uwezo wa kupoza, springi za nyuma zikalegezwa, spoila, lile bawa la nyuma, ikapunguzwa. Kusukumana kwa muda mrefu kukaisha, kundi likarudi.

Naivasha Kila Mwaka

Mimi ni mtu wa rali kama hao vijana, kwa hivyo nitauliza swali la mgeni. Huyo wa nyuma anaona nini?

Fundi Rejeta

Haoni kitu, ndugu yangu. Anaona kioo cha nyuma cha mwenzake. Anaishi kwa redio: wa mbele anamwambia tunahama kulia, punguza, ongeza. Mwaka 2011 dereva aliruhusiwa kuongea na dereva mwenzake moja kwa moja hata kama ni wa timu nyingine. Mwaka uliofuata wakapiga marufuku.

Naivasha Kila Mwaka

Sasa hapo umenishika. Hiyo ni kazi ya dereva na msoma ramani, tofauti ni kwamba msoma ramani ana usukani wake na gari lake. Kona ya Pili, wape 2011. Vijana wa rali wataelewa mtu kukimbia kwa kuamini sauti.

Shangazi wa Ngazi ya Juu

Wanangu, tusisahau waliokaa upande wa pili wa uzio. Aprili 2009, Talladega, Carl Edwards na Brad Keselowski walichomoka wawili wakisukumana. Karibu na mstari wakagusana, gari la Edwards likaruka hadi kwenye uzio, mashabiki wakaumia. Yeye alitoka salama akakimbia kwa miguu hadi mstari wa mwisho, na picha hiyo ndiyo inayoonyeshwa kila siku, waliokuwa jukwaani wakiachwa. Februari 2013 Daytona, kwenye daraja la pili ambako kusukumana kulikuwa bado kunaruhusiwa, gari la Kyle Larson likapasuka uzioni, injini ikaingia kwenye uzio, zaidi ya watu 20 wakaumia. Kabla ya msimu wa 2014 wakakataza kushikana bampa huko pia.

Sisemi kundi ni salama. Kundini akiteleza mmoja wanapigwa 20. Lakini naomba Kona ya Pili uwaambie watoto kwamba ule uzio una historia.

Kona ya Pili

Shangazi, nimekusikia na nitawaambia kabla sijawasha. Asante.

Bamba Jembamba

Bado sijashawishika. Dale Earnhardt, Talladega, Oktoba 2000: imebaki mizunguko mitano yuko wa 18, anashinda. Ushindi wake wa 76 na wa mwisho. Miezi minne baadaye alifariki kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500. Wawili wawili haiwezi kukupa kitu kama kile, mtu kusoma upepo katikati ya magari 40 na kuchagua njia.

Fundi Rejeta

Mkuu, nakuheshimu, ila iangalie tena. Nyuma ya Earnhardt alikuwa nani? Kenny Wallace, anamsukuma. Na Mei 2013, kundi limesharudi, David Ragan alishinda Talladega akisukumwa na David Gilliland, timu moja ndogo, wakitokea nyuma na kuwapita wakubwa. Hata kundini mtu hashindi peke yake.

Bamba Jembamba

Hapo kweli. Wallace nilimsahau.

Jirani wa Charlotte

Nimechelewa, nimetoka kazini sasa hivi. Naishi huku Carolina Kaskazini, timu nyingi ziko umbali wa mwendo mfupi kutoka kwangu, na mzozo huu uko hai mpaka leo. Wengi wa huku walichukia wawili wawili. Walisema dereva anaomba mwenza kama anayetafuta posa, na akimkosa ameshindwa kabla bendera haijashuka. Oktoba 2011, Talladega, Jeff Gordon alikubaliana na Trevor Bayne wasaidiane mbio zitakapoanzishwa tena mara ya mwisho. Bendera ya kijani ikashuka, Bayne akaenda kumsaidia Matt Kenseth wa Ford mwenzake. Gordon akaachwa peke yake kwenye upepo, akamaliza wa 27. Bayne mwenyewe baadaye aliandika kwamba hakufurahia. Kijana aliyeshinda Daytona 500 Februari ya mwaka ule ule, ana miaka 20 na siku moja!

Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya kuipenda. Kundini mtu akikusaliti huioni, imepotea kwenye msongamano. Wakiwa wawili, kila mtu jukwaani anaona nani kamwacha nani.

Na kundi la sasa lina ugonjwa wake, tuseme ukweli. Daytona na Talladega wanakimbia nusu kanyagio ili kutunza mafuta na kukaa muda mfupi kwenye kujaza. Safu tatu zimejipanga, hakuna anayejaribu kupita. Atlanta ina afadhali.

Kona ya Pili

Nimeamua, Talladega 2011. Uongozi ulibadilika mara 88. Na zaidi ya hayo, Dale Earnhardt Jr., mtoto wa yule Earnhardt, hakuwa ameshinda tangu Juni 2008, akakubali kumsukuma Jimmie Johnson hadi mwisho. Nataka waione sura hiyo.

Kona ya Pili (Jumapili jioni)

Wakuu, nimerudi. Nusu ya kwanza mkubwa alikuwa na simu mkononi. Nikamweleza habari ya rejeta, akaiweka chini, akaanza kuhesabu badilishano kama Fundi. Mwishoni jozi nne zilipotoka kona ya mwisho, magari manane yamejazana njia nzima, mdogo alisimama mbele ya runinga nikashindwa kuona. Johnson kwa sekunde 0.002 mbele ya Clint Bowyer, Earnhardt Jr. wa nne. Johnson alimpa ile bendera ya ushindi.

Mdogo akauliza: "Anko, kwa nini yule wa nyuma hakuchomoka ashinde yeye?"

Sikumjibu. Nilitafuta mwisho wa Talladega ya Oktoba mwaka ule ule, Bowyer akiwa nyuma ya Jeff Burton, timu moja, wamebaki wawili tu mbele. Bowyer akachomoka. Watoto wakagombana mpaka saa sita usiku, mkubwa anasema ni haki yake, mdogo anasema amemuonea mwenzake.

Wameomba Atlanta wiki ijayo. Bamba Jembamba, nitakualika.