Mafundi wa Malindi, nani kawaambia vifaa vya kupunguza moshi wa injini ni takataka?

Nimekasirika tangu Jumamosi na hasira haijashuka, kwa hivyo mtanivumilia.

Ndani ya gari langu, karibu na radieta, kulikuwa na kibandiko cha ukubwa wa kiganja. Kimekaa pale karibu miaka hamsini, kimeshinda chumvi ya bahari na jua la huku kwetu. Fundi akamwagia mafuta ya taa, akashika brashi ya waya, akakisugua mpaka kikatoka vipande vipande kama ganda la muhogo uliochemshwa. Halafu akanijia anatabasamu: "Mzee, injini nimekusafishia bure."

Kibandiko hicho ndicho kilichokuwa kikieleza taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) iwekwe digrii ngapi, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, iwe kiasi gani, na mpira upi wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unatoka wapi kwenda wapi. Sikuwa nimekipiga picha. Sasa nina mipira saba inaning'inia na sijui mitatu kati yake ilikuwa imeshika nini.

Gari lenyewe ni motahomu, yaani gari-nyumba la kulala safarini, ya Kimarekani ya 1976, chesisi ya Dodge, injini V8 ya inchi za ujazo 440, yaani lita 7.2. Nililinunua kwa mgeni aliyekuwa akiishi upande wa Casuarina. Injini yake imekaa ndani, katikati ya kiti cha dereva na cha abiria, chini ya kifuniko kinachofunguliwa ukiwa umesimama humo humo garini. Kinachovuja kwenye injini hii kinavujia chumbani. Wanangu wawili hulala hatua tatu kutoka kwenye kifuniko hicho!

Nililipeleka kubadilishiwa plagi tu. Niliporudi nikakuta kopo la mkaa halipo. Ni kopo jeusi, kama mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, ndani lina chenga za mkaa za kunyonya mvuke wa petroli unaotoka kwenye tangi na kabureta, injini ikiwaka inauvuta mvuke ule na kuuchoma. Limeuzwa kwa kilo, vyuma chakavu. Mpira wa tangi ameuziba kwa boliti ya kumi na tatu. Ule wa kabureta ameuacha wazi, unapumulia chini ya kifuniko.

Tukatoka kwenda Watamu. Kabla ya kufika Gede gari likakohoa, likazima. Nikakagua moto wa plagi, upo. Nikazungusha mfuniko wa tangi, fyuuuu, hewa ikaingia kwa kishindo, nikapiga stata likawaka. Mfuniko wa gari hili haupitishi hewa, tangi lilikuwa linapumua kupitia kopo lile lile alilolitoa. Ukiziba pale, petroli inashuka, hewa haina pa kuingilia, pampu inavuta mpaka inashindwa. Likazima tena kabla hatujafika Watamu. Usiku ule harufu ya petroli humo ndani ilikuwa kali mpaka tukalala nje na watoto, kwenye mkeka.

Na si hilo tu. Valvu ya PCV, ile inayoutoa upepo mchafu tumboni mwa injini ukachomwe, ameichomoa kwenye kifuniko cha valvu akapachika kizibo cha mpira. Upepo unaopenya kando ya pistoni sasa umefungiwa ndani, na oili imeanza kudondoka kwenye sili ya nyuma ya krenki, sili ambayo ilikuwa kavu kabisa. Valvu ya EGR, ya kurudisha moshi kidogo kwenye injini, ile yenye kichwa kama uyoga juu ya manifoldi, mpira wake ameuziba kwa kijiti cha mwarobaini. Nikikanyaga mafuta na mzigo, injini inagonga. Lazima igonge: moshi kidogo unaorudishwa na EGR ndio unaopoza mwako, na taimingi ya kiwandani ilipangwa kwa kuutegemea.

Nilipomuuliza akanijibu, "Hiyo sheria ya Marekani, mzee. Hapa Malindi nani atakupima moshi?" Ni kweli sheria zao za hewa safi ndizo zilizosababisha vifaa hivi vifungwe. Lakini injini ilitoka kiwandani imepangwa pamoja navyo. Ukitaka kuvitoa, ujue taimingi utairekebisha vipi, tangi litapumua wapi, oili itabaki vipi. Yeye hakujua hata kimoja, na hakuniuliza.

Wanaotaka kunisaidia, tafadhali msinitumie michoro ya magari madogo (saluni) ya Dodge. Marekani magari mazito yalikuwa na masharti yao mbali, na vifaa havilingani. Nimeshatambua kijisanduku cha plastiki chenye mipira miwili, kinachochelewesha vakyumu ya distributa (kigawa moto wa plagi). Kinachonishinda ni kipande cha shaba kilichofungwa kwenye njia ya maji, chenye chuchu tatu za plastiki. Nadhani hufungua vakyumu ya EGR maji yakishapata moto, ila sijui chuchu ipi ni ya wapi, na namba zake brashi imezila.

Mwenye 440 ya motahomu ya miaka ile ambayo haijaguswa, apige picha kipande hicho kabla ya kukifuta, pande zote, mipira ikiwa bado imo. Na wanunuzi wa vyuma chakavu, Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, hata Shella: kopo jeusi lenye mipira iliyokatwa kwa kisu, nalitaka. Hata kama limebonyea.