Mvua imeisha, nimewasha maji ya peluzi, tiyo inapiga PAA na zone ya 3 haitoke (Lubumbashi)

BabaPeluzi_Golf
Jambo bandugu. Mi niko ku Golf, mvua iliisha kama juma mbili hivi na majani ya peluzi imeanza kuwa njano pembeni ya ukuta, njo jana asubui nikasema niwashe sisteme ya kumwangia, tangu mwezi wa kumi na moja haikutumika hata siku moja. Nikafungula vane kubwa yote mara moja, pompi ikaanza, mu tiyo ikalia PAA kama mutu anapiga nyundo, nikafunga mbio. Kisha nikarudilia: zone (sehemu ya peluzi yenye vane yake) ya 1 inatema hewa na maji ya udongo, ya 2 iko muzuri, ya 3 kimya kabisa. Maji ni ya foraji (kisima cha kuchimba na mashine), inapitia mu tanki ya lita 5000. Nianzie wapi? Mwaka jana fundi moja aliniuzisha programatere (ile saa yenye kuwasha na kuzima maji yenyewe) mpya na ile ya zamani haikukuwa na shida, safari hii nataka nielewe mi mwenyewe kwanza.

FundiTiyo
Yaya, pole. Ile PAA ni maji inakimbia mu tiyo yenye kujaa hewa. Miezi yote hii maji ilitokea polepole ku ba-asperseri (vile vyenye kurusha maji) ya chini, hewa ikaingia, sasa ukifungula yote mara moja maji inasukuma ile hewa mbio na ikifika mwisho inasimama gafula, nguvu yote inapiga ku viungo vya tiyo ya PVC. Kimoja kikiachana chini ya udongo utajua tu siku utaona matope katikati ya peluzi. Fungula robo, ngoja, sikiliza asperseri ya mwisho mpaka iache kupuliza hewa, njo uongeze kidogo kidogo.
Lakini mbele ya ile, tafazali, toa kichwa ya asperseri ya mwisho ya kila zone na uache maji itoke hivyo tu, mpaka ikuwe safi ya kunywa. Ukiwasha na vichwa juu, udongo yote inaenda kuziba vile vitundu vidogo. Na filtre ioshe na brosi ya meno, usikwangule na kisu, ile wavu inapasuka. Yangu mwaka huu ilikuwa na matope mwekundu yenye kuteleza kama sabuni.

MamaYaKampemba
Zone ya 3: fungula kisanduku cha vane, kuko kavisi kadogo juu ya elektrovane (vane yenye kufunguka na umeme), kageuze robo tu na mukono. Maji ikitoka, basi maji haina shida, tafuta ku waya. Isipotoka, iko kitu imeziba. Hii peke yake ingekuokolea ile feza ya mwaka jana, papa.
Kama ni waya, zimisha programatere, pima bobine (ile ya umeme yenye kufungula elektrovane) na multimeta: ohm 20 mpaka 60 hivi iko muzima, karibu na zero imeungua, isiposoma kitu imekatika. Angalia sana mahali waya zinaungana, mvua inaingia pale.

Kichuguu
Na usirudishe saa za mwezi wa kumi! Mwezi wa sita na wa saba usiku iko baridi, majani inalala, mi namwangia mara mbili kwa juma, saa kumi na moja ya asubui, maji mingi ishuke mu mizizi. Joto ya mwezi wa tisa ikikuja njo unaongeza. Weka makopo matupu ya tomati huku na huku, dakika 15, utaona wapi maji haifike.

BabaPeluzi_Golf
Aksanti sana bote. Nimefanya leo. Zone ya 1 ilitoa maji ya rangi ya matofali kama dakika tano, kisha ikakuwa safi. Ya 3, nilipogeuza kavisi maji ikatoka, basi nikafwata waya: walikuwa wameifunga na skoch tu, ndani shaba imekuwa kijani na ma-fourmi wamejaa. Nikakata, nikaweka viungo vile vyenye mafuta ndani, ikawaka mara moja, bobine ilisoma 38. Tiyo haikulia tena. Kopo karibu na muembe njo ilibakia karibu tupu, asperseri ya pale imezama mu udongo, kesho naichimbua niipandishe.