Wakuu, Coaster au Hiace? Nataka kuingiza daladala barabarani

Majohe Mjini: Habari za muda huu wakuu. Moja kwa moja kwenye mada. Nina milioni 28, nataka kuingiza daladala ruti ya Gongo la Mboto–Simu 2000. Nimekwama kwenye gari lenyewe. Hiace inajaa haraka, ila Coaster hesabu anayopewa mwenye gari ni kubwa, naambiwa laki kwa siku. Laki mara siku 30 ni milioni 3, miezi minane milioni 24. Usiku silali, nawaza tu. Wenye uzoefu nishaurini, matusi kaeni nayo. Nawasilisha.

Tairi Kipara: Bajaji. Unachukua mbili mpya na chenji inabaki. Unawapa vijana mkataba, jioni hela inaingia kwenye simu, huna habari na konda wala mpiga debe.

Bint Tanga: Kaka, nunua kiwanja. Gari linachakaa, kiwanja hakichakai. Chanika bado vipo.

Suka Mstaafu: Nimeendesha daladala miaka 17. Sina meno mawili ya mbele kwa ajili ya kazi hiyo, ila hiyo stori ya siku nyingine. Mdogo wangu, hesabu yako ina siku 30. Daladala haina siku 30. Toa Jumapili, abiria nusu. Toa siku ya servisi, toa siku ya kukamatwa, toa siku suka wako yuko msibani Ifakara na gari kamwachia deiwaka, dereva wa kushikilia tu, asiyejua hata hiyo gia ya tatu inaingiaje. Utabaki na siku 22 za maana, 24 ukiwa na bahati. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo, sawa. Lakini tairi ni zako, na Coaster ina sita. Bima yako, leseni ya usafirishaji ya LATRA yako, breki zako, springi zako, na hiyo njia ya kuingia Majohe kipindi cha mvua unaijua mwenyewe. Injini ya Coaster, hiyo 1HZ, ni ngumu, sikatai, ila siku ikitaka kufunguliwa utamkumbuka marehemu bibi yako. Sasa nikuulize: kwa nini miezi minane? Mbona watu wote hupiga hesabu ya mwaka?

Majohe Mjini: Nimetolea mfano tu mkuu.

Mama Kilo: Mfano wa miezi minane? Sasa hivi ni mwezi wa nne. Nne na nane ni Desemba. Baba, hela ni ya nani?

Majohe Mjini: Yangu. Milioni 6 nililipwa nilipopunguzwa kazi kiwandani. Iliyobaki ni ya kifamilia.

Mama Kilo: Familia gani inagawana Desemba?

Majohe Mjini: Sawa, niseme tu. Milioni 22 ni za kikoba cha akina mama wa mtaani, waifu ndiye mweka hazina. Si wizi jamani. Zimelala benki, hazizai chochote, na kabla kikoba hakijavunjwa zitakuwa zimerudi zote na riba juu. Halafu mwenye Coaster nimeshampa milioni 5 ya kishika uchumba, kwa hiyo msiniambie niache, niambieni niendeje.

Bint Tanga: Kama umeshatoa kishika uchumba cha Coaster, Hiace kwenye swali ilikuwa inatafuta nini?

Majohe Mjini: Nilitaka kujiridhisha.

Mama Kilo: Kikoba chetu cha Tandika mweka hazina alimwazima shemeji yake "miezi mitatu tu". Siku ya kuvunja tulikaa kwenye mikeka tangu saa tatu asubuhi, sufuria la pilau limeshateremshwa, tunamsubiri yeye na hela. Tukala pilau. Hela haikuja. Mimi nilikuwa na laki nane na elfu sitini, ya mtoto kuingia kidato cha kwanza. Hadi leo nikimwona sokoni ananipa mgongo, tena amevaa sare ya kikundi.

Suka Mstaafu: Pole mama. Majohe, kikoba tukiweke pembeni kidogo. Mwenye gari anauza kwa nini?

Majohe Mjini: Anahamia Kahama.

Suka Mstaafu: Anahamia Kahama! Barabara ya Nyerere mpaka Gongo la Mboto ndiyo awamu ya tatu ya mabasi ya mwendokasi, huyo jamaa ana macho. Mimi nilikuwa napiga Kimara–Posta mpaka 2016. Mei mwaka ule mwendokasi ukaanza, daladala tukatolewa barabara ya Morogoro. Tajiri wangu alikuwa na Coaster mbili. Moja tukaihamishia ruti za vumbi huko ndani, abiria wa kuokoteza, kila wiki springi. Ya pili ilipaki nyuma ya nyumba yake mpaka kuku wakawa wanatagia siti ya nyuma.

Majohe Mjini: Mkuu, ruti yangu ikifika Tazara inakata kushoto, inashika Mandela hadi Ubungo. Mwendokasi wa Gongo la Mboto unanyoosha mjini, haunihusu.

Suka Mstaafu: Na kutoka Gongo la Mboto mpaka Tazara utabeba nini, upepo?

Mkaguzi wa Nyuzi: Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai, stori ya kutunga tu. Kikoba cha sanduku kina kufuli tatu na wenye funguo watatu, cha benki kina watia saini. Mweka hazina peke yake anatoaje milioni 22? Pili, mwaka jana mtoa mada huyu huyu alileta uzi wa kuku chotara, akasema yuko Newala na Dar hajawahi kukanyaga. Mtoa mada, bila kuchungulia ramani: ukitoka Banana kwenda Gongo la Mboto, Mombasa iko kabla au baada ya Ukonga?

Mtu wa Githurai: Mombasa iko Kenya jameni, msituibie. Halafu huku kwetu matatu haipigi kazi bila kuwa ndani ya SACCO au kampuni. Nyinyi mtu ananunua tu gari na kuingia barabarani?

Tairi Kipara: Chai ya tangawizi. Nani ana vitumbua?

Majohe Mjini: Mkaguzi, Mombasa iko baada. Unapita Magereza ya Ukonga kwanza. Uzi wa kuku aliandika shemeji yangu, tunatumia akaunti moja. Na watia saini wapo watatu: waifu, dada yake, na mwenyekiti, ambaye ni mama mkwe.

Mkaguzi wa Nyuzi: Yaani watia saini wote mnakula nao sahani moja Idi. Chai imezidi sukari.

Bint Tanga: Mimi nimeamini sasa hivi. Mtu wa kutunga angetunga kitu chenye akili.

Suka Mstaafu: Kwa hiyo nimeandika risala yote ile kwa mfuga kuku?

Mama Kilo: Chai au si chai, laki nane na sitini yangu ilikuwa ya kweli.

Mtu wa Githurai: Huyo mama mkwe ako na namba?

Suka Mstaafu: Majohe, nakuuliza mara ya mwisho kabla sijaenda kuswali. Kadi ya gari ina jina la nani?

Majohe Mjini: La marehemu baba yake, ila amesema watabadilisha. Saa kumi anakuja kuchukua milioni 10 nyingine. Wakuu nimesoma maoni yote, Mungu awabariki, ila mpaka sasa hakuna aliyejibu swali langu. Coaster au Hiace?

Tairi Kipara: Bajaji.