Kurudi Marekani kabla kadi ya kijani haijafika: muhuri juu ya viza unatosha?

Kusi_na_Kaskazi

Wakuu, habari za leo. Mimi na mke wangu tumeingia Marekani kwa viza za uhamiaji za bahati nasibu ya DV. Uwanjani tuligongewa muhuri juu ya viza, ada ya USCIS (idara ya uhamiaji inayotoa kadi) ya dola 235 imeshalipwa, kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, bado. Sasa inabidi twende nyumbani kuuguza mzazi. Tumepanga wiki saba, ila ugonjwa hauna ratiba. Huenda mmoja wetu akabaki hata miezi minane.

Naomba wanaojua wanisaidie. Viza zenyewe zitakuwa zimepita tarehe ya mwisho wakati wa kurudi, je, muhuri bado una nguvu? Kadi ikifika hatupo inakuwaje? Na huyo atakayechelewa ataulizwa nini mlangoni?

Karani_wa_Zamani

Ndugu, muhuri unatosha, na tarehe ya mwisho ya viza haikuhusu tena. Tazama sehemu ya chini ya viza: kuna mstari wa herufi kubwa unaosema kwamba ikishagongwa muhuri, inakuwa I-551 ya muda, ushahidi wa ukazi wa kudumu kwa mwaka mmoja. Mwaka huo unahesabiwa kuanzia siku uliyoingia. Aliyeingia tarehe 14 Machi anaweza kuitumia kurudia mpaka Machi inayofuata, hata kama viza iliandikwa kuisha Juni.

Tatizo haliko kwa ofisa wa Marekani, maana yeye anaona rekodi yako kwenye kompyuta. Tatizo liko kaunta ya ndege, kule unakoanzia safari ya kurudi. Shirika likimleta abiria asiye na hati hutozwa faini, kwa hiyo karani wa kaunta anaogopa, na jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye tarehe ya mwisho ya viza. Anaona imepita, anakurudisha. Usigombane naye. Mwonyeshe ule mstari wa chini, mwonyeshe tarehe ya muhuri, kisha omba msimamizi wake afungue Timatic, ule mfumo ambao mashirika ya ndege hutumia kukagua hati za abiria. Bado wakisita, shirika lina njia ya kuwasiliana na kitengo cha CBP (maofisa wa forodha na mipaka wa Marekani) kinachoshauri mashirika ya ndege, waombe wapige. Haya yote yanakula muda, kwa hiyo fika uwanjani saa tatu au nne kabla, usiende dakika za mwisho ukitegemea kwamba karani anaijua sheria.

Kuhusu njia: nunueni tiketi moja mpaka mwisho. Ukiwa na tiketi mbili tofauti kupitia Amsterdam, kwa mfano, huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, na hapo utadaiwa viza ya Schengen. Ukazi wa Marekani haukupi ruhusa ya kuingia Ulaya. Mkipitia Abu Dhabi, Dublin au Shannon kwa ndege inayokwenda Marekani, ukaguzi wa CBP unafanyika hapohapo kabla ya kupanda, na mkitua mnatoka kama abiria wa ndani. Acheni nafasi ya kutosha kati ya ndege na ndege, foleni ile huwa ndefu.

Kadi: USCIS husema ni hadi siku 90 tangu kuingia au tangu kulipa ada, ipi iliyo ya baadaye. Posta ya Marekani haihamishii barua hizi kwenye anwani mpya. Jina lako lisipokuwa kwenye sanduku la barua, kadi inarudi ilikotoka. Bandikeni majina yenu kwenye sanduku, na awepo mtu anayeaminika wa kuipokea. Mkihama, badilisheni anwani USCIS ndani ya siku 10; kubadilisha posta peke yake hakusaidii. Kadi ikifika nanyi mpo mbali, mwenyeji anaweza kuituma kwa kampuni ya vifurushi yenye ufuatiliaji, lakini ndani ya mwaka wa muhuri sioni haja ya kuiweka hatarini.

Bi_Faili

Karani kamaliza ya muhuri. Mimi nataka kugusa hiyo miezi minane, kwa sababu hapo ndipo watu huchanganya saa tatu tofauti wakadhani ni moja.

Saa ya kwanza ni siku 180. Ukikaa nje mfululizo zaidi ya hapo, sheria inakuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya. Hupotezi kadi. Ila ofisa ana haki ya kukuhoji kwa kina na kukupima kama mgeni mwombaji. Yale maneno ya mtaani kwamba "miezi sita ikipita kadi imekufa" si kweli.

Saa ya pili ni mwaka mmoja. Ukifika hapo bila kibali cha kurudi, kadi au muhuri wako haukubaliki tena kama hati ya kuingilia. Njia inayobaki ni kuomba viza ya mkazi anayerejea, SB-1, ubalozini, kwa fomu DS-117 yenye ada ya dola 180, na lazima uthibitishe kwamba kilichokuzuia kilikuwa nje ya uwezo wako. Wengi hukwama kwenye kipengele hicho.

Saa ya tatu ni ya uraia. Safari moja ya zaidi ya miezi sita inaleta dhana kwamba umekatiza ukaaji wako. Unaweza kuipinga kwa ushahidi. Mwaka mzima unaukatiza kabisa. Hata ofisa wa uwanjani akikupitisha kwa tabasamu, saa hii haijali.

Juu ya zote tatu kuna swali la nia: je, makazi yako bado ni Marekani? Mtu anaweza kurudi kila baada ya miezi mitano na bado akaonekana mtalii mwenye kadi. Kwa atakayebaki kuuguza, abebe bahasha nyembamba: barua ya daktari au hospitali inayoonyesha tarehe, mkataba wa pango au barua ya mwenyeji, taarifa za benki zinazoonyesha akaunti inatumika, na barua ya likizo kama ana mwajiri. Asiitandaze mezani kabla hajaulizwa. Ajibu alichoulizwa: alikuwa wapi, muda gani, kwa nini, anaishi wapi.

Na kodi jamani! Mkazi wa kudumu hujaza fomu 1040. Ukijaza 1040-NR ukidai wewe si mkazi ili uokoe visenti, umeandika kwa mkono wako kwamba huishi Marekani.

Kalamu_Nyekundu

Nyongeza kwa Bi Faili. Kama miezi minane ni jambo linalowezekana, anayebaki aombe kibali cha kurudi kwa fomu I-131 KABLA ya kuondoka. Lazima awe ndani ya Marekani siku fomu inapotumwa. Ada iliyowekwa Aprili 2024 ni dola 630. Akishatuma anaruhusiwa kusafiri, lakini ataitwa kuchukuliwa alama za vidole na picha. Asipokwenda wala kuomba tarehe nyingine, ombi linahesabiwa limetelekezwa. Kwenye fomu anaweza kuomba kibali kikachukuliwe ubalozini. Kinadumu hadi miaka miwili.

Kibali kinaondoa kikwazo cha mwaka mmoja, basi. Hakisimamishi saa ya uraia, na hakimzuii ofisa kuuliza kuhusu nia.

Jambo lingine: ofisa akiona umetelekeza ukazi, anaweza kukupa fomu I-407 usaini. Hiyo ni fomu ya kuachia ukazi kwa hiari. Hulazimiki kusaini. Una haki ya kukataa kwa adabu na kuomba kesi yako isikilizwe na jaji wa uhamiaji. Hapo utapewa hati ya kuitwa mahakamani, na mpaka jaji aamue, wewe bado ni mkazi. Mbele ya jaji, mzigo wa kuthibitisha kwamba umeutelekeza ukazi uko kwa serikali. Watu husaini kwa uchovu wa safari bila kusoma, kisha wanakuja kuuliza kama inaweza kufutwa.

Mama_Wawili

Naomba kuchomekea swali. Je, mama mwenye kadi akijifungua akiwa safarini, mtoto anaombewa viza?

Bi_Faili

Dada, hapana, mradi masharti yote yatimie. Mtoto awe hajafikisha miaka miwili, aingie pamoja na mzazi mkazi, na iwe ndiyo mara ya kwanza mzazi huyo anarudi Marekani tangu mtoto azaliwe. Mzazi akirudi kwanza peke yake ili "atengeneze mambo", mlango huo umefungwa na mtoto atahitaji kuombewa viza ya uhamiaji, jambo linaloweza kuchukua miaka. Beba pasi ya mtoto na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama hakikuandikwa kwa Kiingereza. Kaunta ya ndege itasumbua, maana mtoto hana hati yoyote ya Marekani. Wasiliana na shirika siku kadhaa kabla, usisubiri siku ya safari.

Kusi_na_Kaskazi

Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Huyu mwenzangu ndiye atakayebaki, basi tutatuma I-131 wiki hii. Bado mawili: muhuri wake uligongwa vibaya, tarehe haisomeki. Na pasi yenye viza ikiibiwa huko, tunaanzia wapi?

Karani_wa_Zamani

Muhuri urekebisheni kabla ya kuondoka. CBP wana ofisi za kurekebisha makosa ya kumbukumbu za kuingia, zinaitwa ofisi za ukaguzi ulioahirishwa, na nyingi ziko kwenye viwanja vikubwa vya ndege. Pigeni simu kwanza muulize kama zinahitaji miadi, kisha mke aende mwenyewe na pasi. Waangalie pia herufi za daraja: wewe uliyeshinda bahati nasibu ni DV1, yeye ni DV2. Karani wa ndege asiyeweza kusoma tarehe hatakisia kwa faida yenu.

Hati ikiibiwa: ripoti polisi siku hiyohiyo, omba pasi mpya, kisha jaza I-131A, fomu ya kuomba kibali cha kupandia ndege. Ada ni dola 575, inalipwa mtandaoni, na hairudishwi ombi likikataliwa. Baada ya hapo ndipo unakwenda miadi ubalozini wewe mwenyewe, na risiti ya malipo, ripoti ya polisi, tiketi ya kutokea Marekani au ushahidi mwingine wa tarehe uliyoondoka, na nakala ya hati iliyopotea. Ukikubaliwa unapewa kibali cha kupandia ndege cha mara moja, kwa kawaida cha siku 30 au pungufu. Usikate tiketi mpya kabla hujakishika mkononi.

Kwa sababu hiyo, leo pigeni picha ukurasa wa viza wenye muhuri na muihifadhi kwenye barua pepe. Nakala hiyo haiwapandishi ndege, ila inampa ofisa wa ubalozi namba ya A (namba yenu ya uhamiaji) ya kutafutia faili lenu.