Mliotubadilishia Jaduong', mlidhani hatuna macho?

Wadau wa Kisumu na vitongoji vyake, leo nimekasirika. Kipande kipya cha vichekesho vya Jaduong', yule mbuzi wetu mwigizaji, kimetoka na yule si Jaduong'! Wameleta beberu mwingine, wakamvisha kofia ileile ya chifu, wakategemea tutacheka tu.

Jaduong' tunamjua. Pembe ya kushoto imekatika ncha, sikio moja lina pengo. Huyu mgeni pembe zake nzima, na ndevu zimechanwa kama za bwana harusi.

Mmesahau aliyewapa ugali ni nani? Kile kipande cha soko la Kibuye alitakiwa apite tu nyuma ya mama wa omena, basi. Akasimama, akanusa karai, akamwangalia mgombea wa wadi anavyohutubia, kisha akaanza kuitafuna ile hotuba kuanzia chini, kwenye ahadi. Jamaa anasoma, karatasi inapungua, anasoma haraka zaidi! Tangu siku hiyo akawa staa na visirani vyake: haigizi mpaka apigiwe rumba, na tuktuk hapandi asipokaa mbele na dereva. Sisi tulimpendea hayohayo.

Halafu kile kicheko chake cha kukunja mdomo wa juu. Najua, mfugaji yeyote atakwambia beberu hufanya hivyo akinusa mkojo wa jike. Sawa. Lakini Jaduong' alikifanya palepale mheshimiwa anapomaliza kuahidi maji ya mfereji. Huyu wenu amekodolea kamera macho, akacheua.

Nilipowaandikia wakanijibu eti hata Lassie wa Marekani alibadilishwa. Jameni! Mbwa wa kwanza kuigiza Lassie kwenye filamu ya 1943 aliitwa Pal, tena dume akiigiza jike, na baadaye kwenye runinga uzao wake ndio uliorithi kazi. Damu ileile. Haya, huyu ni mtoto wa Jaduong'? Mama yake ni mbuzi wa nani?

Na mwenyewe yuko wapi? Mmoja anasema kamwona Ahero akifukuzwa kwenye mashamba ya mpunga, hilo naliamini kabisa. Mwingine anataja kibanda fulani cha nyama choma Kondele, na huyo sitaki hata kumsikia. Mwenye picha ya karibuni aiweke hapa, pembe ya kushoto ionekane.