Chumba gani melini kwa mtu anayelewa bahari?

MgeniWaMaji:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi na mama tunapanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza, siku 7. Mama akikaa kiti cha nyuma cha basi tu, kigegezi kinamshika. Wakala katupa vyumba viwili kwa bei ileile: chenye roshani, sitaha ya 11, karibu kabisa na omo (ncha ya mbele ya meli); au chenye dirisha tu, sitaha ya 4, katikati ya meli. Moyo wangu uko kwenye roshani. Mama anasema nichague mimi, ila akitapika ni juu yangu.

MzeeWaTezi:
Marahaba. Chukua cha sitaha ya 4.

Umewahi kuona watoto kwenye ubao wa kupanda na kushuka? Wa kwenye ncha ndio wanaorushwa; aliyekaa katikati hana habari. Meli inapokutana na mawimbi ya mbele, omo huinuka na kutumbukia, na chumba chako cha kwanza kiko hukohuko. Meli ikienda mrama nako, yaani ikilala upande huu na ule, kadiri ulivyo juu ndivyo unavyopepesuka. Watakwambia kuna mapezi ya kuituliza. Yapo, na yanasaidia kwenye mrama, lakini omo ikianza kuchota maji hayana la kufanya.

Mimi nilipewa omo safari yangu ya kwanza. Usiku wa tatu hanga zilikuwa zinagongana kabatini mpaka nikazifunga kwa soksi. Alfajiri nikasinzia kidogo, wakashusha nanga. Mnyororo ule ulivyonguruma, nilivaa jaketi la kuokolea nikatoka kwenye ujia, peke yangu. Tezi, yaani nyuma ya meli, nako nimelala: ni mtetemo wa rafadha (panga zinazosukuma meli), ila huo nimeuzoea, na huko ndiko lilikotoka jina langu.

UsingiziMwepesi:
Katikati sawa, lakini angalia na kilicho juu yako. Nilipata katikati kabisa nikajipongeza, kumbe dari langu ni sakafu ya mgahawa wa bafe. Saa kumi na moja alfajiri viti vinaburutwa, krrr, krrr. Fungua mchoro wa sitaha ya juu na ya chini: unataka vyumba vya kulala pande zote mbili. Na ukiepe chenye mlango wa kuingilia chumba cha jirani. Wangu alikuwa anakoroma kama yuko kitandani kwangu.

RoshaniDaima:
Mnamnyima mama hewa! Anayelewa bahari anahitaji upepo na kutazama upeo wa macho.

MzeeWaTezi:
Kweli kabisa, ila hivyo vyote viko sitaha ya wazi, bure, na hapo unatembea. Huwezi kulala roshanini. MgeniWaMaji, muulize wakala kama dirisha halijazibwa na boti ya kuokolea. Na akikushawishi upunguziwe bei ili kampuni ikupangie chumba, kataa. Wanaweza kukurudisha omo.

MgeniWaMaji:
Boti ziko juu zaidi, dirisha liko wazi. Juu vyumba, chini vyumba. Nimemwonyesha mama mchoro, akauliza kitu kimoja tu: kutoka kitandani hadi chooni hatua ngapi? Nimehesabu nne. Nimelipia.