Je, serikali yetu hutenga pesa za utafiti wa uti wa mgongo?

Dada wa Umoja

Hamjambo wadau. Naandika nikiwa kando ya kitanda cha ndugu yangu mdogo, mnisamehe maneno yakiwa mengi. Ana miaka 26. Mwezi wa tatu alikuwa nyuma ya boda akitoka Donholm, wakagongwa hapo Outer Ring. Waliomwokoa walikuwa watu wema, sina neno nao. Mmoja alimshika kwapani, mwingine miguu, wakamkunja kwenye kiti cha nyuma cha Probox wakamkimbiza hospitalini. Tangu siku hiyo, kuanzia kitovuni kwenda chini hahisi kitu, hata ukimmwagia maji baridi.

Juzi usiku alinionyesha video kwenye simu. Ni ya Mholanzi anayeitwa Gert-Jan Oskam, aliyeumia katika ajali ya baiskeli mwaka 2011. Wanasayansi wa Lausanne, kule Uswisi, walimwekea vifaa kichwani vya kusoma nia yake ya kutembea, na kingine mgongoni cha kuamsha neva zilizo chini ya pale palipoumia. Mwaka 2023 dunia ikamwona akitembea kwa magongo. Ndugu yangu akaniuliza, "Dada, hii itafika huku lini?"

Niliondoka nikasema naenda kuangalia chai.

Sasa nawauliza ninyi. Kuna pesa zozote za serikali hapa Kenya zinazotengwa kuchunguza majeraha ya uti wa mgongo? Si harambee nasema. Harambee tumefanya mbili, na majirani wamechoka. Nauliza pesa za bajeti.

Msoma Bajeti, South B

Pole sana dada, na umsalimie mgonjwa.

Sheria ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ikasema upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Kinachotolewa hugawanywa kwa wote, wa mahindi, wa maji, wa kompyuta, wa malaria, na mtafiti wa uti wa mgongo hupanga foleni na hao wote. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, nayo ipo tangu 1979, ila sifa yake imejengwa kwenye malaria, virusi vya ukimwi na kifua kikuu. Fungu lenye jina la uti wa mgongo mimi sijaliona kwenye vitabu vya bajeti, na huvisoma kila mwaka.

Mzee wa Kiti, Kariobangi

Dada, mimi nina miaka 11 kwenye kiti cha magurudumu. Nilianguka kutoka ghorofa ya tatu ya mjengo, nikiwa fundi wa mawe. Acha nikuambie ninavyoona.

Hiyo video mwache aitazame. Usimnyang'anye. Lakini ukiniuliza utafiti gani nauhitaji leo, sitaanza na kutembea. Tulikuwa wanne wodini tulioumia mwaka mmoja. Wawili wameshazikwa, na hakuna aliyeuawa na mgongo. Mmoja aliondoka na kidonda cha kulalia kilichofika mfupa. Mwingine ni maambukizi ya mkojo, yakapanda figo. Vitu hivyo vinazuilika, na Shirika la Afya Duniani, WHO, limesema tangu 2013 kwamba mtu mwenye jeraha hili yumo katika hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko asiye nalo, na kwamba hali ni mbaya zaidi katika nchi zenye kipato kidogo.

Sasa nani ametuchunguza sisi? Mimi nilikalia tyubu ya gurudumu la gari miezi minane, kila mtu akiniambia ni dawa ya vidonda. Ni muuguzi mmoja tu aliyenigeuza, akaona ngozi imewiva kuzunguka ule mviringo, akaniambia tyubu inabana damu pembeni, niitupe. Nilienda kwa fundi wa sponji hapa Light Industries, tukajaribu sponji ngumu chini, laini juu, tukachonga mahali pa mifupa ya makalio. Miaka tisa sijapata kidonda. Lakini hiyo ni makalio ya mtu mmoja! Anayehitajika ni mtafiti aje na mizani yake, awakalishe watu hamsini kwenye sponji hiyo, kwenye joto letu na kwenye njia zetu za vumbi, aseme inafaa au haifai. Kazi hiyo haitaki mabilioni ya Uswisi.

Na mpira wa mkojo. Madaktari husema utumie wa kuingiza na kutoa, mara nne hadi sita kwa siku, mikono safi. Choo chetu kinatumiwa na nyumba nane na maji huja Jumanne na Ijumaa. Nani atapima njia salama kwa mtu wa ploti kama yangu? Lausanne hawana shida hiyo, kwa hiyo hawawezi kututafutia jibu.

Na hilo la Probox, dada. Limenichoma. Mifupa ikivunjika, ile kamba ya neva iliyo ndani inaweza kuwa bado nzima, au imeumia kidogo. Kumkunja mtu kunaweza kuimaliza. Wanaobeba majeruhi Nairobi ni watu wa boda na makanga. Wafundishwe namna gani, kwa dakika ngapi, wabebe kwa ubao gani? Hilo nalo ni swali la utafiti, na nalilia.

Baba Wairimu, Kawangware

Mzee heshima yako, lakini mimi napinga. Mke wangu ana jeraha hilohilo. Hospitali ya umma iliyojengewa kazi hii nchini ni moja, ile ya Barabara ya Lenana, na vitanda vyake ni makumi machache kwa nchi nzima. Nikipewa shilingi moja ya serikali, naipeleka kwenye kitanda na nepi. Utafiti utangoja.

Mzee wa Kiti, Kariobangi

Baba Wairimu, mke wako namwombea. Ila umesikia nilivyokalia tyubu miezi minane. Serikali ingeninunulia kifaa wakati ule, ningekalia tyubu ya serikali. Bila kuchunguza, pesa za vifaa nazo zinapotea.

Tena si lazima tung'ang'anie shilingi ileile moja. New York walipata njia. Polisi wa jimbo aitwaye Paul Richter alipigwa risasi kazini mwaka 1973, akapooza. Alipigania sheria hadi ikapita 1998, kwamba sehemu ya faini za barabarani iende kwenye utafiti wa uti wa mgongo, hadi dola milioni 8.5 kwa mwaka. New Jersey wakafuata mwaka 1999. Kuna miaka New York walizizuia pesa hizo kuziba mapengo ya bajeti, wenye viti vya magurudumu wakaingia ofisini kwa wabunge mpaka zikarudi. Barabara imevunja watu, basi barabara ilipe. Kwetu barabara inaua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na waliobaki kama sisi hawasomwi kwenye taarifa.

Mwaka 2012 Zack Kimotho, Mkenya aliyepooza, alipotoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini, tukichangia kituo cha matibabu kupitia Msalaba Mwekundu, lengo likiwa shilingi milioni 250, mimi nilituma mia moja. Wakati huo natembea. Sikujua nachangia mgongo wangu mwenyewe.

Msoma Bajeti, South B

Hilo la faini linawezekana kisheria. Kifungu cha 206 cha Katiba kinaingiza mapato yote kwenye Mfuko Mkuu wa serikali, isipokuwa yale ambayo sheria ya Bunge imeyatenga kwa kazi maalumu. Ushuru wa matengenezo ya barabara kwenye mafuta, ule wa shilingi 25 kwa lita, hulindwa hivyohivyo. Na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, bila wakili na bila mbunge wa kukushika mkono. Wahini kabla ya 30 Aprili, siku ya mwisho ya makadirio ya matumizi kufikishwa Bunge la Kitaifa.

Dada wa Umoja

Asanteni. Baba Wairimu, nimekuelewa, na nepi pia tutaziandika humo.

Nimemsomea ndugu yangu yote, hata ya wale wawili waliozikwa. Nilitaka kuyaruka, akaniambia soma. Kisha akaomba nimgeuze upande wa kushoto, maana saa mbili zilikuwa zimepita na mimi nimezama kwenye simu. Ameanza kuandika ombi kwa kidole gumba. Mstari wa kwanza unahusu Probox. Mzee wa Kiti, Jumamosi nitakuja kwa huyo fundi wa sponji, nikuletee na karatasi usahihishe. Nipime makalio ya mgonjwa kwa futi ya fundi cherehani, au kuna namna nyingine?

Mzee wa Kiti, Kariobangi

Futi inatosha. Pima upana akiwa ameketi, si amelala. Na uje na suruali yake moja.